Betri Imejaa

Jumatatu, 3 Machi
Nimekabidhiwa ufunguo wa kabati la betri. Kwa majaribio. Zahanati ya mkwe wangu iko chini ya sebule yetu. Friji yake ya chanjo ina betri ya akiba, na lazima mtu aiangalie. Fundi umeme aliitaka kazi hiyo. Njia yake: kushuka, kufungua kabati, kutazama taa. Nilimweleza mkwe kwamba waya uletao umeme unaweza kubeba na habari, kama mto unavyobeba maji na mtumbwi. Nimechomeka kifaa kimoja ukutani kando ya betri, kingine kando ya kiti changu. Habari zinapanda zenyewe hadi kwenye simu yangu. Magoti yangu yanapumzika.

Jumanne, 4 Machi
Simu inasema: Betri imejaa. Nilimwita Fundi aone. Akauliza umeme ukikatika itakuwaje. Nikamfafanulia, polepole, kazi ya betri.
"Mwalimu, friji ina betri. Huyu mjumbe wako je?"
Swali la mtu aliyekosa masomo. Nilibadilisha mazungumzo.

Alhamisi, 6 Machi
Umeme ulikatika mchana. Betri imejaa, simu ikasema. Mkwe akapiga kuuliza kama sisikii kabati linavyolia kuwa betri inaisha. Nilimwambia aamini kipimo, si masikio. Jioni bado imejaa. Betri ya ajabu!
Kumbe vifaa vyangu vilizimika pamoja na umeme, na simu ilikuwa ikirudia neno la mwisho la marehemu. Fundi alikuwa keshahamishia chanjo kwenye boksi la barafu. Hakuna iliyoharibika. Wala hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 7 Machi
Kosa nimelipata: mjumbe hakuwa na betri. Nimechomeka kifaa cha chini kwenye betri ya friji, cha juu kwenye betri ya akiba ya kompyuta yangu. Sasa vinawaka umeme uwepo usiwepo. Ila havisemezani. Fundi anadai betri hizi huchuja umeme, na habari zangu zinachujwa pamoja na uchafu. Uchafu!
Mkwe alipanda ngazi mwenyewe.
"Baba, naomba ufunguo."
Kwa heshima zote. Nilimpa.

Jumamosi, 8 Machi
Fundi anakuja, anafungua, anatazama taa. Ushamba mtupu. Tena nani anamwangalia Fundi? Nimerudisha vifaa ukutani na kubandika kitambuzi kwenye mlango wa kabati. Ukifunguliwa, waya utaniambia.

Jumatatu, 10 Machi
Umeme ulikatika asubuhi. Simu ikasema: Mlango umefungwa. Nikangoja. Umefungwa. Nimemkamata! Nikashuka, magoti yakilalamika, nikamshtaki Fundi kwa mkwe, mbele ya wagonjwa wote, kwamba hajagusa kabati. Mkwe alinisikiliza hadi mwisho. Kisha Fundi akatoa kichwa kabatini, akaniamkia.
Tatizo ni dogo. Kitambuzi nacho kinahitaji betri yake ya akiba. Na betri hiyo itahitaji kuangaliwa. Nimeshapata njia: taarifa zake zitapita kwenye waya.