Bwana Arusi Aliyehesabiwa Pamoja na Vifaranga Wazima

Kasongo, 13 Juni 1956

Kwa Bwana Agronomu, mkuu wa kilimo wa Teritwari

Bwana Mkubwa,

Kwa heshima, na kwa moyo uliojaa furaha ya siku kumi na moja za ndoa, nashtaki shauri ulilotoa sokoni juu ya vifaranga wanaopumua kwa shida.

Mama mkwe alitupa kuku na vifaranga tisa, zawadi ya arusi. Wanne wanakoroma, wana kamasi, midomo wazi. Emilienne, mke wangu, ua la kijiji cha Lusangi, alilishika kila neno lako. Matokeo ni haya:

1. Ulisema moshi unaharibu kifua cha kifaranga. Moto wa jikoni umezimwa. Tunakula ndizi mbivu na karanga. Sinung'uniki, kutoka mkononi mwake hata jiwe ningemeza.

2. Ulisema wagonjwa walale pakavu penye joto. Kwetu hapo ni kitandani, juu ya shuka alizozitarizi herufi za majina yetu. Mmoja anakoroma juu ya herufi yangu.

3. Ulisema wazima watengwe. Hapo ndipo uliponiua, Bwana. Emilienne aliweka sikio kifuani pangu (nilidhani ni mapenzi), akasema: "Bwana yangu, kifua yako iko muzuri. Enda na wazima." Na kwa kuwa jikoni hakuna tena moshi, wazima tunalala huko: kuku, vifaranga watano, na mimi.

4. Jumamosi mama mkwe anakuja kuwaona kuku wake. Wajua kwetu mama mkwe haoni kitanda cha mkwewe, wala mahali anapolala. Ni aibu kubwa. Naye akifika, huanzia jikoni!

Kwa hiyo naomba, kabla ya Jumamosi, karatasi yenye muhuri isemayo kwamba bwana arusi si kuku. Hilo likiishinda Serikali, andika tu kwamba mimi ni mgonjwa.

Msalimie Madamu, watoto, karani wako, na majogoo wote wa shamba la Serikali.

Mimi, mwenye heri kuliko waume wote,
Célestin, karani

N.B. Bwana, usiandike kitu. Asubuhi hii manyoya ya kuku yamenipigisha chafya mbili. Emilienne amelia, kisha amenihamishia kitandani pamoja na wale wanne, ananisugua kifua kwa mafuta ya mawese. Shauri lako ni la hekima tupu. Tafadhali usilete dawa yoyote mpaka mvua zirudi.