Sauti ya Monika kwenye Kitufe Changu

Ni kweli, sijui kuimba. Nimelikana hili kwa miaka kumi na moja, mbele ya mume, watoto na wanakwaya wenzangu. Leo nimelikiri bila hata kufungua mdomo.

Kwaya yetu inatoa kaseti. Wanawake wa sauti ya pili tuko kumi na wanne, wanatakiwa sita. Ili kusiwe na lawama, Mwalimu Haule akaleta mashine aliyoinunua kwa watu wa mitumba. Unaimba "aaa" mara moja, inainasa, kisha kitufe kikibonyezwa inairudia. Kila mmoja akapata kitufe chake, kimebandikwa plasta yenye jina. Kamati isikilize mmoja mmoja, hakuna kujificha nyuma ya mwenzako. (Miaka yote nimeishi nyuma ya Monika, anayesimama kulia kwangu.)

Mimi ni katibu, ufunguo wa ukumbi ninao. Jana mchana nikaingia na kitabu cha maelekezo. Nina shahada, kitabu hakikunishinda. Nikaiambia mashine kitufe changu kiache sauti yangu, kichukue ya Monika. Nikaishusha kidogo isifanane. Halafu nikaona "aaa" yake imekatwa mapema, ilhali mashine ilinasa zaidi ya hapo, nikausogeza mwisho wake mbele, nionekane nina pumzi. Nikabonyeza, nikaachia. Tamu. (Ningeshikilia kidogo tu, leo nisingekuwa nawaandikia.)

Leo baada ya ibada kamati ikakaa, sisi waimbaji nyuma yao. Zamu yangu ikafika. Mwalimu akabonyeza.

"Kumbe," akasema Mzee Komba, mwenyekiti. "Huyu mama tulikuwa tumemficha wapi?"

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. (Nilikuwa nimeufanyia mazoezi kwenye kioo.)

Mwalimu alinogewa, kidole hakukiondoa. "Aaa" ikaisha. Ikafuata sauti nzito, ya kuvuta, kama mtu mwenye mafua:

"Mwalimu, imetosha? Ila naomba nisisimame tena na Mama Neema. Ananitoa kwenye sauti yangu kila Jumapili."

Mama Neema ni mimi.

"Mama Neema," Mzee Komba akauliza taratibu, "unajishtaki mwenyewe?"

Monika akajifunika uso kwa khanga. "Ni mimi, mzee. Nilidhani mwalimu ameshazima."

Mwalimu akainama kwenye kioo cha mashine. Humo, kwenye sauti ya kitufe changu, pameandikwa MONIKA. Nikasema vitu vya mtumba ndivyo vilivyo. Nikaenda nyumbani Ruhuwiko kwa miguu, nikiandika barua ya kujiuzulu kichwani.

Saa nane mchana simu ikalia.

"Shikamoo, Mama Neema."

"Marahaba, Mwalimu. Najua."

"Hujui. Kwenye kaseti umo."

"Sauti ya pili?"

"Hapana, mama. Mimi kile kitabu nimekisoma miezi mitatu, sijaweza kuihamisha sauti ya mtu. Wewe umeweza kwa mchana mmoja. Utakaa kwenye mashine."

"Na jina langu kwenye jalada?"

"Litakuwepo. Chini kabisa: Mashine, Mama Neema. Ila siku ya kurekodi, mama, tunaomba mdomo uwe umefungwa."

"Hilo limetoka kwa kamati?"

"Limetoka kwa Monika. Kamati imelipitisha kwa kauli moja."