Hofu ya Mwanatumu na Tikiti ya Watu Watatu

Tarehe 5 Desemba 1985, Alhamisi

Nimeshinda. Miaka kumi na tisa nashona magodoro ya sufi Malindi hii, sijapewa na mtu hata kikombe cha chai bila kukidai. Leo hoteli imewapigia kura watu wake wa kuleta bidhaa. Majina kumi na saba ndani ya kofia, na la kwanza kutoka ni langu: Zubeir, fundi magodoro. La pili ni Stambuli, muuza nyama. Stambuli ni ndugu wa mke wangu. Alinipongeza kwa meno, macho hayakushiriki.

Zawadi ni safari ya meli. Nyeupe, ghorofa nne, kutoka Mombasa hadi Unguja na kurudi, siku tatu, kuanzia Jumamosi ya tarehe 14. Tikiti ni ya watu watatu: mume, mke, mtoto mmoja. Karani wa hoteli, Laban, alinisomea sharti mara mbili. Wote watatu wasipopanda, inakwenda kwa jina la pili.

Nyumbani nikamweleza Mwanatumu. Ana miaka minane, ndiye huyo mmoja tuliyejaaliwa. Alikuwa akimenya chungwa. Akauliza kama mle melini mna choo. Kisha akauliza meli ikizama watu wanatokea wapi. Kisha akaenda kucheza.

Mimi ni mtu wa kuona mbali. Mtoto hataji kuzama bila sababu. Nikamwambia mke wangu Shekha kwamba mtoto ana hofu. Shekha akasema haoni hofu, anaona maganda ya chungwa sakafuni. Nikamjibu hofu iliyojificha ndiyo mbaya.

Tuna siku tisa. Nitaitoa.

Tarehe 6 Desemba, Ijumaa

Msafiri wa baharini huomba radhi kabla ya kuondoka. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini wengi hungoja siku ya mwisho, wakakimbizana mitaani na begi mkononi. Mimi nimepiga hesabu: watu arubaini na mmoja, dakika nne kila mtu, saa mbili na dakika arubaini na nne. Nikaanza baada ya sala ya Ijumaa, siku nane kabla. Nikamchukua na Mwanatumu, aone safari ni jambo la kawaida, lina utaratibu wake.

Shida yangu nikianza kusema kweli sijui pa kusimama. Fumo kinyozi nilimtaka radhi kwa kumsema kwamba mkono wake mzito. Hakuwa anajua. Kwa jirani yetu Bi Khamisa nilieleza kwamba godoro lake la mwaka 1979, la kilo kumi, ndani mna sufi kilo sita, nne ni makumbi ya nazi. Akaniuliza ni ugonjwa gani. Nikamwambia sina ugonjwa, nasafiri na familia yangu kwa meli. Akanitazama sana. Kisha akamshika Mwanatumu kichwa, akasema maskini mwana wa watu, na umri huu.

Nilimaliza baada ya saa nne u nusu. Watu hawajui kusamehe kwa haraka.

Njiani Mwanatumu aliuliza kwa nini kila mtu anamshika kichwa. Nikamwambia wanamuaga. Akauliza wanaotuaga hivi ni kwa sababu hatutarudi? Nikacheka. Nilicheka vibaya, naona, maana alinishika kanzu mpaka nyumbani.

Tarehe 7 Desemba, Jumamosi

Hadi kufika saa nne asubuhi nilikuwa nimetembelewa na watu kumi na watatu. Walikaa na kunitazama. Habari imezunguka mji mzima. Wa kusini mwa msikiti wanasema figo zangu zimekwisha. Wa kaskazini wanasema mimi mzima, meli ndiyo mbovu, na mimi nimeliota hilo ndotoni. Bi Khamisa ameleta lile godoro, kalilaza mlangoni, anataka sufi yake kilo nne kabla sijafa.

Kibaya zaidi, chuoni, Mwanatumu anakosoma Kurani, Maalim ametuombea dua. Mwanatumu amekaa safu ya mbele, anasikia jina la babake, la mamake, na lake mwenyewe, na Mungu awape mwisho mwema, na watoto sitini wanaitikia amina. Alirudi mbio, viatu kaviacha huko. Akaingia karakanani, akajipenyeza kati ya magodoro mawili ambayo hayajashonwa, na sauti ikatoka humo ndani: haendi melini. Haendi hata akipewa dhahabu.

Shekha alikaa naye muda mrefu. Sufi zilikuwa zimemganda mtoto usoni kwa jasho. Shekha aliponitazama sikupenda alivyonitazama.

Lakini nilisema au sikusema? Tangu Alhamisi nilisema hofu ipo.

Tarehe 9 Desemba, Jumatatu

Hofu ni kutojua. Dawa yake hesabu. Mwanatumu ana kichwa cha hesabu, hicho alikitoa kwangu, kwa kina Stambuli wanahesabu mbavu tu.

Nikafungua kijitabu cha meli chenye picha. Abiria mia tatu na kumi. Wafanyakazi mia moja. Ubavuni zinaonekana mashua nne za kuokolea, na ubavu wa pili nne, ndizo nane. Kila moja, kwa jicho langu la fundi, inachukua watu arubaini. Nikampa kalamu, nikamwambia ajitafutie mwenyewe aone tulivyo salama.

Akaandika mia tatu na ishirini. Akaandika mia nne na kumi. Akatoa. Akaniuliza wale tisini ni kina nani.

Nikarudia hesabu. Tisini. Nikarudia tena. Nilimwambia kwamba hao tisini ni wale wanaochelewa.

Jibu zuri, nilidhani.

Tarehe 10 Desemba, Jumanne

Amelala na viatu. Na kanzu mbili, na kibindo cha mhogo wa kukaanga. Shekha alipotaka kumvua alilia mpaka akapoteza sauti, anasema akichelewa atakuwa mmoja wa tisini. Asubuhi ilikuwa hivyo hivyo, amekaa kitandani mkao wa kukimbia, macho mekundu, hali chochote.

Shekha kasema, Baba Mwanatumu, mwache mtoto. Mwache tu, usimfanyie kitu.

Mtu hujenga nyumba ya mawe kwa kuacha tu? Mimi nilianza na sindano moja na gunia la kuazima.

Leo nimemtengenezea meli. Kitanda cha kamba nimekitundika kwenye boriti za karakana, kamba nne, kinabembea kama kinavyotakiwa. Nikamwambia Shekha atikise debe, ndiyo injini. Akakataa, nikatikisa mwenyewe kwa mguu. Nikapanda kwanza mimi, nimwonyeshe mtoto kwamba mawimbi ni raha tupu.

Nilitapika kwenye bembeo ya kumi na moja. Mihogo ya asubuhi. Mwanatumu aliniletea maji na kunishika kichwa, vile alivyoshikwa yeye na Bi Khamisa. Kisha alikwenda kukaza kamba za viatu.

Stambuli alipita jioni. Kauliza hali ya mtoto kwa huruma nyingi. Kasema mwanawe Zein haogopi chochote, juzi kamshika ng'ombe pembe. Nikamwambia meli haina pembe.

Tarehe 12 Desemba, Alhamisi

Sikukuu ya Jamhuri, karakana nimefunga. Tumekwenda Kilifi kwa basi, mimi na Mwanatumu, tufanye mazoezi kwenye feri. Ikiwa tutafika Mombasa Jumamosi lazima tuivuke vyovyote. Nilimwahidi kwamba tukivuka mara sita atazoea.

Nilisimama katikati kabisa ya feri, kati ya lori la chokaa na mama mmoja mwenye kuku. Hapo ndipo pazuri kwa mtoto. Chini yetu maji ya mkondo yana rangi ya chupa, na mtu akiyatazama anahisi yanamjua jina. Sikuyatazama. Mwanatumu kauliza kwa nini nimefumba macho. Nikamwambia nahesabu. Na kweli nilihesabu, mia tano na sita mpaka ng'ambo. Dereva wa lori akauliza kama nataka kununua kioo chake cha pembeni, maana nimekishika kama changu.

Tulipoteremka tukashikana mikono. Mkono ulikuwa wa baridi kama samaki. Wake, nadhani.

Mara moja ilitosha. Na kurudi, kwa kuwa hakuna njia nyingine. Wakati wa kurudi Mwanatumu hakutazama maji wala magari. Alinitazama mimi, uso wangu, mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayesoma barua ya habari mbaya.

Nimetafakari. Labda mara sita ndiyo ingefaa.

Tarehe 13 Desemba, Ijumaa

Bado siku moja na mtoto hali chakula. Stambuli kaja kusema kesho atatusindikiza hadi gatini Mombasa, yeye na mkewe na Zein. Nikashukuru. Kisha nikaona mkewe anaazima sanduku kwa Bi Khamisa. Msindikizaji na sanduku wapi na wapi.

Alasiri nilikuwa nashona ukingo wa godoro la Bi Khamisa, na sufi yake kilo nne nimemtilia, nikamsikia Mwanatumu uani. Anazunguka anaomba radhi. Kamwomba radhi rafiki yake Nana kwa ajili ya kibiriti cha kuchezea. Kamwomba paka. Kisha akaja mlangoni kwangu na viatu vyake, akasimama kama wanavyosimama wakubwa, akasema: Baba, niwie radhi, ile sindano yako ndefu ni mimi niliyeipoteza, niliichezea kisimani.

Sindano hiyo nimeitafuta tangu Ramadhani. Nilimsingizia Stambuli, mbele za watu.

Nikamwambia ilikuwa ya shilingi kumi na mbili. Sijui kwa nini nilitaja bei. Yeye akasema hana kumi na mbili, na kama atakufa melini nani atalipa. Nikasema nimekuwia radhi, mwanangu, nenda kale. Hakwenda kula. Alikaa juu ya godoro akanitazama nikishona, na mimi nilishona vibaya, itabidi nifumue.

Sina mpango wa kesho. Ni mara ya kwanza tangu mwaka 1966.

Tarehe 14 Desemba, Jumamosi

Naandika nimeketi. Niandike yote kwa mpango.

Feri ya Kilifi tulivuka alfajiri. Sitaieleza. Gatini tulifika saa tatu, meli inaondoka saa nne. Haifanani na picha. Pichani ilikuwa ndogo kuliko kidole changu. Hapa ni ukuta mweupe unaokwenda juu mpaka shingo inauma, na ukuta wenyewe unapumua.

Mwanatumu alipouona aliketi juu ya sanduku letu, akaficha uso ndani ya buibui la mamake. Hakulia. Ingekuwa afadhali alie. Shekha akamwambia taratibu kwamba hatalazimishwa na mtu. Hatua kumi nyuma yetu Stambuli, suti ya harusi yake, mkewe na Zein, masanduku mawili. Karani wa meli akauliza, familia hii inapanda au haipandi? Stambuli akakohoa.

Nikamwambia Mwanatumu tazama, mwanangu, baba anapanda, hakuna kitu. Nikaishika ile ngazi.

Ni ngazi ya vyuma, vidato ishirini na sita. Kwenye kidato cha kumi na nne nikatazama chini. Kati ya kidato na kidato pana uwazi, na ndani ya uwazi pana maji meusi yamebanwa kati ya meli na gati, yanapanda na kushuka. Miguu ikakataa. Niliiamrisha, ikakataa. Nyuma yangu watu wamejaa, mizigo vichwani. Bwana mmoja akauliza huyu mzee anapima ngazi au vipi. Stambuli akapaza sauti kutoka chini: teremka tu, shemeji, si aibu. Sikuweza hata kuteremka. Mikono imeganda kwenye chuma, masikio yanavuma, na nilichokuwa nawaza ni kwamba mwanangu ananiona.

Kisha nikahisi vidole viwili vya mkono wangu vimeshikwa. Mwanatumu. Kapenya kati ya miguu ya watu na mizigo yao, vidato vyote kumi na vinne, peke yake. Uso mweupe kama unga. Akauliza polepole, wasisikie wengine: Baba, unaogopa?

Nikamwambia siogopi.

Akafikiri. Akasema, basi mimi naogopa. Nipeleke juu.

Akatangulia yeye. Nilitazama visigino vyake. Kumi na tano, kumi na sita, alikuwa anavitaja kwa sauti ili nijue tulipofika. Shekha alitufuata. Nilisikia kuna sanduku lililoangushwa gatini kwa hasira. Sikugeuka. Siwezi kusema ningeweza.

Tarehe 15 Desemba, Jumapili

Baharini. Naandika nimelala sakafuni. Ni kwa sababu ya magodoro yao. Sponji tupu, mtu anayejiheshimu hawezi.

Mwanatumu hashikiki. Kala maandazi sita, kawajua wapishi wote kwa majina, kavua viatu. Kila baada ya muda huja kunitazama na kuniletea ndimu ya kunusa, kisha hurudi juu.

Shekha anasema mtoto kajiponya mwenyewe, kwa huruma yake. Hapana. Hofu ya siku tisa haitoki bure. Radhi, hesabu, kitanda, feri, na mwisho ngazi. Ile ngazi niliikusudia. Nilisimama pale makusudi, ili mtoto apate sababu ya kupanda, na ikiwa sikumweleza mtu ni kwa kuwa mpango ukielezwa huharibika. Nimemweleza Shekha leo. Katoka chumbani akiwa amejifunika mdomo.

Chumba cha jirani pana Bwana Kahindi, fundi wa mapaa, anatoka Kibarani, Kilifi. Ana binti wa miaka sita, Priscilla. Mtoto huyo anakimbia ujiani tangu asubuhi, anacheka na kuimba. Nimesikiliza kwa makini kupitia ukutani. Baadaye nikatoka, nikiwa nimeshika ukuta, nikabisha hodi. Nikamweleza kwamba nina ujuzi wa kutoa hofu za watoto na kwamba tunaweza kuanza kesho saa moja, kabla ya chai, bila malipo.

Kahindi kanijibu kwamba mwanawe haogopi chochote.

Nikamwambia hiyo ndiyo dalili yenyewe.