Orval Kessling Nje ya Kamba

Ijumaa, 2 Agosti. Dayton.

Joto la kuyeyusha lami. Nimefika na nyumba yetu ya magurudumu kwenye maegesho ya uwanja kabla ya mtu yeyote, niwaone Matarishi wa Wabash, kikosi cha vijana cha gwaride la ngoma, wakijipasha moto kabla ya onyesho. Onyesho lenyewe ni la watalii. Mwenye masikio huja maegeshoni, vijana wanakosimama nusu duara na kupiga mpaka vioo vya magari vitetemeke. Kila kiangazi, tangu nistaafu kuuza mazulia, nasimama karibu nao kiasi cha kupepewa na vijiti.

Mwaka huu wameweka kamba!

Kamba, kama mnadani kwa ng'ombe. Ndani ni wenye utepe wa kijani shingoni, yaani waliokichangia kikosi fedha za maana. Nje ni sisi wengine na simu zetu. Nikamweleza binti wa kamba kwamba mimi ni Tarishi wa zamani, nilibeba ngoma kubwa kiangazi kizima cha mwaka 1983. (Karibu kizima. Niliondoka Julai kwa ajili ya mgongo.) Akanipa hongera, kisha akauliza utepe wangu uko wapi.

Na ndani ameketi nani, kwenye kiti cha turubai kilichotariziwa jina lake? Lowell Haverkamp! Daktari wa meno mstaafu, jirani yetu kule Kokomo. Alishawahi kuning'oa jino zima akaacha bovu. Hajui tofauti ya ngoma na mlango uliobamizwa na upepo. Akaninyanyulia vidole viwili kama askofu.

Mbele yangu likasimama jitu la Kentucky, Clovis Tackett, limevaa kofia yenye mwavuli. Sikuona mpiga ngoma hata mmoja. Niliona mwavuli.

Mke wangu Arlette hakutazama kitu. Mtu wa lori la mavazi aliomba msaada wa kushona zipu, naye akaenda. Nimemwambia wanamtumia.

Jumamosi, 3 Agosti.

Mpango! Utepe ni utepe tu. Nimenunua wa kijani kwenye duka la mapambo.

Baadaye: una picha za paa wa Krismasi. Wadogo, wa dhahabu, urefu wote. Nimewafunika kwa wino wa kalamu. Sasa wanafanana na mende. Arlette aliuangalia, akaenda kucheka bafuni.

Jioni nikaingia, kichwa juu. Binti wa kamba alikuwa anakunywa maji. Nilisimama ndani, futi chache tu kutoka kwa ngoma! Nikafumba macho. Nikasikia sauti ya Haverkamp:

"Jamani, Krismasi imewahi mwaka huu! Orval, ndugu yangu, hao ni mende au kunguni?"

Wakacheka wote, hata mpiga matoazi. Nimetolewa nje kwa adabu, jambo linalouma kuliko kutolewa kwa mateke. Kurudi, mahali pangu pamechukuliwa na Clovis. Akanipa pole na njugu. Njugu nilizila. Pole sikuipokea.

Jumapili, 4 Agosti.

Habari kubwa. Basi la wapiga ngoma limekufa injini karibu na Richmond. Watoto wamesombwa kwa magari ya wazazi mpaka Anderson. Basi la kukodi kwa wiki ya fainali za vikosi vyote kule Indianapolis linataka fedha ambazo kikosi hakina, zote zimeishia kwenye mafuta na chakula. Renata Ochoa, mkurugenzi wao, ameandika mtandaoni: Jumatano mchana ikifika bila basi, Matarishi hawaendi Indianapolis. Wanajitoa.

Arlette alisoma kwa sauti, kisha akasoma tena kimyakimya. Akasema watoto wale wanalala sakafuni tangu Juni, na wengine mwaka ujao umri hauwaruhusu tena. Akasema ni uchungu ulioje.

Nami nikasema ni bahati iliyoje! Atakayeliokoa basi, nani atamwuliza habari za utepe?

Arlette alinitazama kama anavyotazama maziwa yaliyoharibika.

Jumatatu, 5 Agosti. Anderson.

Mazoezi yako kwenye uwanja wa shule. Hakuna mti. Kuna kivuli kimoja tu, cha ukuta wa ukumbi, nami nimekiwahi. Nikapanga viti vyetu vyote pamoja na vile nilivyoazima kanisani. Nikaweka kibao: KIVULI, KWA AJILI YA BASI. Mashabiki wananunua viti, fedha zinafika kwa Renata kwa jina langu, mimi nageuka mfadhili bila kugusa mfuko wangu. Sijui kwa nini wengine wanahangaika kufanya kazi.

Saa nne viti vimejaa. Hata Haverkamp alipita akavikodolea macho, akaenda kukaa upande wa pili, juani, na kiti chake cha kiaskofu. Nilimpungia mkono.

Kufikia saa sita kivuli kilikuwa kimeondoka. Sikufikiria kwamba jua hutembea! Limezunguka ukuta, kivuli kikamfuata Haverkamp mpaka alipoketi, bure. Kisha vinyunyizio vya majani vikafunguka vyenyewe, ngoma zikahamishiwa huko huko kwake. Wateja wangu walibaki juani wakitazama nyasi zinaoga.

Mama mmoja wa Terre Haute alinisemesha kwa sauti ya mwalimu wa chekechea. "Baba, mimi nimelipia kivuli. Kivuli kiko wapi?" Nikamwambia kiko njiani. Akataka fedha yake. Wakataka wote. Nimerudisha mpaka senti ya mwisho, na mwingine nimemrudishia mara mbili kwa kuchanganyikiwa.

Arlette ameshona vifungo kutwa nzima. Anasema ndani ya lori kuna feni.

Jumanne, 6 Agosti.

Naandika nimejifungia bafuni.

Baada ya mazoezi Renata alipanda juu ya sanduku la barafu akazungumza na mashabiki. Mwanamke mfupi, sauti imekauka kwa kupiga kelele kiangazi kizima. Hakulia wala kubembeleza. Alisema wamejaribu kila mlango, na kesho mchana lazima ampe mwenye mabasi jibu. Nyuma yake watoto walikuwa wamekaa juu ya ngoma zao. Kofia moja ya sare ikaanza kupitishwa. Clovis akatia. Mama wa Terre Haute akatia, akanitazama. Haverkamp akaipitisha bila kutia kitu!

Sasa, mimi nilikuwa na siri. Kinyozi wetu aliniambia kabla ya safari kwamba Haverkamp ameuza mashua yake. Mtu hauzi mashua ila amefilisika. Nikaona mlango umefunguka wenyewe. Nikapanda juu ya kiti.

"Sikilizeni! Chochote atakachotoa Daktari Haverkamp, mimi Orval Kessling natoa vilevile! Dola kwa dola!"

Walinipigia makofi. Mimi! Watoto waligonga vijiti kwenye ukingo wa ngoma. Nilimwangalia Haverkamp, amekuwa mwekundu kama kiazisukari. Nikajiambia, leo nimekupata.

Akanyanyuka taratibu. Akasema hakutaka litajwe, lakini kwa kuwa limetajwa, fedha ya mashua alishamkabidhi Renata asubuhi. Yote.

Renata akashika mdomo. Akasema fedha ile ilikuwa nusu ya basi, na nusu nyingine hakujua itatoka wapi.

"Bwana Kessling," akasema, "Mungu akubariki."

Mashua ile ilikuwa na chumba cha kulala. Na choo!

Nikatafuta uso wa Arlette. Alikuwa mlangoni mwa lori la mavazi, sindano mdomoni. Aliitoa, akaichomeka kwenye kimto chake cha sindano polepole, na mimi nikaelewa kwamba nimekwisha.

Jumatano, 7 Agosti.

Saa mbili asubuhi nilimfuata Renata. Nikamweleza kwamba niliposema vilevile, nilimaanisha kwa moyo uleule. Moyo hauna bei. Alikuwa anaongea na mwenye mabasi kwenye simu, akaniinulia dole gumba, akamwambia, "Ndiyo, yupo hapa hapa mbele yangu, anakuja kulipa."

Nikajaribu mgongo. Nikajaribu kusema benki imefungwa. Arlette akanivuta pembeni, nyuma ya lori la jikoni.

"Orval, umesema mbele ya watoto."

Nikasema watoto husahau.

"Hawa hawasahau. Wana kumbukumbu ya onyesho zima kichwani, hatua kwa hatua. Haya, niambie. Unauza nyumba ya magurudumu, au unaniuza mimi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Kosa.

Nani ana fedha taslimu Anderson, siku ya Jumatano, ya kununua nyumba ya magurudumu? Clovis Tackett! Jitu la mwavuli! Kumbe ana mashamba ya farasi. Akazunguka gari mara moja, akapiga teke gurudumu, akataja bei ya kuninyonga. Nikasema sikubali. Nikaona Arlette anatoa mapazia yake dirishani. Nikakubali. Vitanda, jiko, redio, vyote. Akaniuliza kama kikombe changu cha kahawa kimo kwenye bei. Nilidhani anatania. Kimo.

Basi likafika adhuhuri. Jipya, lina kiyoyozi. Watoto walikimbia wakapiga kelele hadi kunguru wakaruka paani. Mmoja alibusu tairi. Nilijikuta nalipapasa ubavuni, kukagua rangi tu.

Tumekwenda Indianapolis ndani ya gari la Haverkamp. Mimi kiti cha nyuma, mapazia magotini. Anaendesha kama anaogopa kuamsha mtu. Njia nzima hakutaja mashua, wala mende. Ni mbinu tu. Sijajua ya nini.

Alhamisi, 8 Agosti. Indianapolis.

Ninao! Utepe halali, bila mnyama yeyote. Renata kanivika mwenyewe.

Nikaingia. Nikasimama mbele kabisa. Haverkamp akasogeza kiti chake, akasema tukae kwa zamu. Nikamwuliza, kwa kuwa sasa tuko sawa, anapenda nini hasa katika ngoma. Akatoa kifaa cha sikio na kukitia mfukoni.

"Kusema kweli, sizisikii vizuri tena. Nazisikia hapa." Akajigusa kifuani.

Mtu wa namna hiyo, na kiti cha mbele!

Wakaanza. Lo! Nilisikia ubavuni, magotini, kwenye meno aliyoniachia. Lakini mdundo ulikuwa unakimbia. Kidogo tu, mtu wa kawaida asingejua. Mimi nilijua. Nikapiga mguu chini kuwasaidia. Hawakunitazama. Nikasonga hatua moja, nikainua mikono niwape mwendo. Hatua nyingine. Hapo ndipo ngoma kubwa zilipoanza kusogea ubavuubavu kama kaa, wapigaji hawaoni wanakokwenda. Ya kwanza ilinipiga bega. Ya pili ilimalizia. Nilikaa ndani ya ndoo ya sharubati ya limau yenye barafu, na simu zote za Indiana zikaniangalia.

Muziki ulikatika. Nasikia hawajawahi kukatizwa maegeshoni, hata na mvua.

Renata aliuvua utepe shingoni mwangu kwa mikono miwili, kama anamvua mtoto kitambaa cha kulishia.

"Bwana Kessling, asante kwa basi. Kweli, asante. Lakini utepe unakuruhusu kusimama. Haukuruhusu kuongoza."

Nikatoka, suruali ikidondosha barafu. Nilipogeuka nikamwona Arlette, ndani ya kamba, katikati ya ngoma, anamfunga kijana mkanda. Hana utepe wowote. Nikamwuliza binti wa kamba, huyo mbona? Akashangaa. "Huyo ni Mama Arlette wa mavazi. Anaingia tangu siku ya kwanza."

Angeweza kuniambia! Anadai aliniambia Ijumaa. Anadai alisema, njoo na wewe, kuna vifungo vya kutosha wawili. Labda. Mimi na vifungo wapi na wapi.

Jumamosi, 10 Agosti.

Fainali. Matarishi wameingia kwenye kumi na mbili bora, mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Mimi nje, nyuma ya mwavuli. Clovis alinipa ndoo nisimamie. Mtu mwema anayekera.

Walipomaliza kujipasha moto walipanga mstari kuelekea uwanjani, kijiti kimoja tu kikigonga mwendo. Tak. Tak. Tak. Walipita karibu kiasi cha kugusa. Kijana wa ngoma kubwa iliyoniangusha akaniona, akasema, "Mzee wa basi!" Wenzake wakatabasamu bila kugeuza shingo. Arlette alikuwa analia waziwazi. Haverkamp pia. Mimi niliingiwa na vumbi. Indianapolis ina vumbi sana.

Jumapili, 11 Agosti. Kokomo.

Nyumbani. Mahali pa nyumba ya magurudumu pana doa la mafuta na majani makavu. Arlette amekubaliwa kwenda na kikosi kiangazi chote kijacho, kushona. Ananiuliza kwa upole kama nitajifunza kutia uzi sindano. Nimecheka kwa heshima zote.

Maana nimeshapata jambo kubwa zaidi. Asubuhi, katika chai ya kuagana, Renata alisema hawajapata mahali pa kambi ya mwezi wa tano: uwanja, kumbi za kulala, jiko. Wafadhili wote walikuwepo, Haverkamp anapuliza chai yake. Nikasimama. Nikatangaza kwamba Kokomo itawapokea, kikosi kizima, bila malipo, mwezi mzima. Nikasema meya ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana.

Makofi! Haverkamp alimwagikiwa na chai. Mwenyeji wa kikosi atasimama popote apendapo, na ruhusa ataombwa yeye. Renata aliniuliza kama nina uhakika. Akaniuliza tena. Nikamjibu mara zote mbili, kwa sauti, wote wasikie.

Kesho nitauliza meya anaitwa nani.