Mama Mdogo Mwenye Ndevu

Jumatatu, 4 Machi
Wiki ya pili ya mafunzo katika hospitali ya ugenini, na wodini bado naitwa "wewe." Na Ijumaa ndiyo siku yenyewe! Daktari bingwa atamchukua mwanafunzi mmoja tu akashuhudie upasuaji wa uzazi. Tuko wawili: mimi na Miwani, mwenzangu wa chuo, anayejibu maswali kabla hayajaulizwa. Simchukii. Namwombea mafua tu.
Mpango: nionekane. Daktari huanzia kitanda cha mlangoni, alipo mama wa mapacha njiti, waliozaliwa kabla ya siku zao. Napiga kambi hapo.

Jumanne, 5 Machi
Bahati hiyo! Kidonda cha mama wa mapacha kinamuuma, hawezi kubeba wote wawili. Hapa njiti hulelewa kifuani, ngozi kwa ngozi, wapate joto. Baba yao yuko safarini, bibi yao anakohoa. Mkunga mkuu akauliza nani ana kifua cha kuazima. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Miwani hakuwahi hata kumeza mate.
Nikaambiwa nikaoge, nivue shati. Nikafungiwa kifuani kibinti chepesi kuliko kitabu changu cha anatomia. Mkunga akasema tangu azaliwe hajaongezeka uzito, na asipoongezeka tutakuwa na kazi nzito. Nikaitikia kwa kichwa, kidaktari.
Daktari akapita. Akamtazama mtoto. Mimi alinihesabu kama kiti.

Jumatano, 6 Machi
Nimejipalia makaa. Nikimlaza, miguu inapoa na analia. Nikimrudisha, kimya. Nakula kwa mkono mmoja, makombo ya mkate yanaishia kwenye kofia yake. Bibi yake ameanza kuniita mama mdogo. Nikamkumbusha kwamba nina ndevu. Akasema hata shangazi yake alikuwa nazo, na aliolewa. Wodi ikacheka mpaka wenye mishono wakaomba huruma.

Alhamisi, 7 Machi
Akili ni nywele! Nimemsifu Miwani kifua. Nikamwambia ni kipana, cha baba wa familia. Akalainika, akaenda kuoga, tukamhamishia mtoto. Hesabu yangu: kesho yeye kafungwa, mimi niko chumba cha upasuaji.
Mtoto akalia mpaka akabadilika rangi. Mkunga akaja mbio, akanirudishia, akauliza kama nachezea pumzi ya mtu. Niliogopa, niliogopa sana, mpaka rangi yake iliporudi. Nikamwomba mtoto radhi sikioni. Akanikojolea, nadhani yameisha.

Ijumaa, 8 Machi
Daktari akatutazama wote wawili. "Mwenye mikono mitupu anifuate."
Miwani! Na mwendo ule wa bwana harusi!
Ningeweza kumlaza mtoto nikakimbia. Mguu ukanyanyuka. Akapiga chafya, mguu ukarudi chini.
"Kulea mimba si kazi, mama mdogo," bibi akasema. "Kazi ni kulea mwana."
Nilimnunia mpaka chakula cha mchana.

Jumamosi, 9 Machi
Ameongezeka uzito! Mkunga amempima mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa nimeegemea mizani. Kwa bahati mbaya, bila shaka. Ya pili nilisimamishwa ukutani, na bado ameongezeka.
Mama yake kapata nguvu, amewachukua wote wawili. Alinishika mkono. Nikamweka mtoto kofia sawa, nikaondoa kombo la mwisho la mkate. Nimevaa sweta mbili, kifua bado kina baridi.
Miwani anasimulia upasuaji wake kwa mara ya nne. Eti alishika mkasi. Namwacha.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari kwa kina, na kosa nimeliona: nilichagua kitanda kibaya. Ijumaa ijayo kuna upasuaji mwingine, nafasi ni moja vilevile. Nasikia daktari sasa ataanzia dirishani. Na dirishani kalazwa mama aliyejifungua njiti watatu. Watatu! Hapo nani ataacha kuniona?
Nimeshaoga. Vifungo viwili vya shati viko wazi tayari.