Ombi la Kutajiwa Aliyeshindwa Vita vya Mwezi na Sayari Nyekundu

Ndugu Mkurugenzi wa Vipindi,

Jumapili saa kumi na moja kasorobo jioni, mtangazaji wenu wa zamu alisema kwamba vita kati ya Sayari Nyekundu na Majeshi ya Mwezi vimekwisha na hakuna aliyeshindwa. Naandika kwa heshima kupinga taarifa hiyo.

1. Wiki kumi na mbili tamthilia yenu imetuonyesha vita. Nimehesabu vyombo vya angani mia nne na kumi vilivyolipuliwa. Zikiwa zimebaki dakika sita, ukatokea mwanga usiojulikana ulikotoka, majemadari wawili wakasahau walichokuwa wakigombania, wakapeana mikono. Mmoja akamuuliza mwenzake habari za nyumbani. Nyumbani kwake kulilipuliwa sehemu ya nne, na aliyelipua ndiye huyo anayeuliza.

2. Mimi ni seremala. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anashona matakia. Karakana yetu ni moja. Yeye ni mtu wa Mwezi, mimi wa Sayari. Sehemu ya tano aliniita kibaraka mbele ya mteja, nami nikamwita jina lisilofaa kuandikiwa ofisi. Tukakubaliana, shahidi akiwa mama mkwe: ambaye upande wake utashindwa ndiye atakayeanza kumsalimia mwenzake. Tangu siku hiyo hatusemeshani. Sasa aanze nani?

3. Vipimo vya makochi navituma kupitia mke wangu. Anasema, "Nimechoka kuwa posta. Watu wazima na ndevu zenu, mnanuniana kwa ajili ya watu wa kwenye kioo!" Wiki iliyopita alipunguza tarakimu moja kwa hasira. Tuna kochi la watu watatu lenye takia la kumtosha paka. Mwalimu mkuu, mteja wetu pekee mwezi huu, ametupa hadi Alhamisi. Akikosa makochi anahamia karakana ya jirani.

4. Mama mkwe anashikilia kwamba ulioshinda ni ule mwanga, kwa hiyo tumeshindwa sote na tumsalimie yeye. Hilo halikuwamo kwenye makubaliano.

Siombi msimu urudiwe. Maandishi ya mstari mmoja chini ya kioo yanatosha: Mwezi umeshindwa. Mkiona ni Sayari, chunguzeni tena.

Wasalimieni mafundi mitambo, wapambaji, na jemadari wa Sayari, ambaye simlaumu.

Ni mimi, mtazamaji asiyekosa sehemu,
Fundi Seremala

Nyongeza: Nikiwa nabandika stempu, shemeji ameingia na bahasha. "We fundi, anwani ya hawa watu wa televisheni unayo?" Nimemwambia ninayo, akae. Barua yake inaomba yaleyale, ila ameushindisha Mwezi. Tumezisoma zote mbili kwa sauti, na mke wangu amethibitisha kwamba hakuna aliyesalimia. Kwa hiyo tafadhali msitangaze lolote. Mwisho wenu unafaa sana. Barua naituma kwa kuwa stempu imeshabandikwa. Vipimo nimempa mwenyewe, kwa mdomo, na mwalimu mkuu anachukua makochi Alhamisi saa tatu asubuhi.