Uzinduzi wa Kituo cha Kurudia Mtihani

Tunduma, 8 Februari 2014

Dada Loisi,

Ulinituma kwenye uzinduzi kwa sababu bila kituo hicho hujui kama utarudia mtihani wa Kemia au utaacha kabisa habari za uuguzi. Naahidi kukueleza yote, hata yasiyopendeza. Msemaji alikuwa Bwana Watson, Mratibu wa Fursa za Pili, na hotuba yake ni hii:

"Ndugu Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi, wajumbe wa kamati ya maandalizi, kamati ya mapokezi na kamati ya chakula, viongozi wa dini, wafanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka, madereva mliokwama kwenye foleni ya forodha, wazazi, na ninyi vijana mliofeli, ambao bila ninyi leo nisingekuwa na kazi, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya kamati ya chakula.)

Kwa kuzingatia mpango mkakati shirikishi wa kuinua ufaulu, na baada ya upembuzi yakinifu na semina elekezi zilizofanyika katika hoteli mbalimbali, ofisi yangu imebaini kwamba asilimia mia moja ya waliofeli hawakufaulu. (Minong'ono ya kukubali.)

Wapo wadau wanaohoji kama ni haki aliyepata D arudie, apate B, kisha akae benchi moja na aliyepata B mara ya kwanza. (Mama Mwasiti, muuza mchele: "Wangu alifaulu kwa mkupuo mmoja. Huyo wa kurudiarudia analingana naye vipi, baba?" Kicheko.) Swali zuri, mama, nitaliundia kamati. Lakini tazama malori haya: lori likirudishwa forodhani kwa kasoro ya karatasi, dereva hurekebisha na kurudi, na likishavuka, kule Nakonde, upande wa Zambia, hakuna anayeuliza lilirudishwa mara ngapi, wanauliza limebeba nini. (Madereva: "Hapo umenena, mzee." Honi.) Mimi mwenyewe nilirudia Hisabati mpaka msimamizi akanizoea, na leo mimi ndiye mkuu wa takwimu.

Kituo kitakuwa na maabara, maktaba na mabweni, na nafurahi kutangaza kwamba awamu ya kwanza, yaani utepe, imekamilika, hivyo kwa heshima kubwa naukata. (Foleni ikasogea. Utepe ulikuwa umefungwa kwenye malori mawili, na la mbele likaondoka nao. Dereva: "Mzee, nimeitwa, siwezi kupoteza zamu.") Msihofu, wananchi: hiyo ni ishara kwamba mradi wetu sasa ni wa kimataifa.

Kurudia hoyee. Kufeli zii. (Hoyee moja, ya katibu wake.) Kwa kumalizia, nawashukuru madereva kwa kutuazima malori yawe kuta, mwenye baa kwa viti, na mwenye kiwanja hiki, aliyenikumbusha sasa hivi kwamba hajawahi kuombwa eneo la kituo chochote. Ni kweli, sijamwomba, wala sijamwomba mtu mwingine. Asanteni sana."

Kwa hiyo kituo hakipo, Dada. Lakini mimi sikuondoka na huzuni. Nilimwona Mwalimu Amoni, anayetufundisha Kemia, akaniambia watahiniwa wa kujitegemea bado wanaandikishwa shuleni kwetu, na Jumamosi anatufungulia maabara. Kitanda changu ni chembamba, lakini tutaenea.

Mpe jibu dereva wa Hiace atakayekukabidhi barua hii: nimwambie Mwalimu kwamba unakuja?

Mdogo wako,
Ruti